Pengo Katika Tangazo

Kitendawili, wajukuu zangu! Jina la mtu latajwa mji mzima, wakubwa kwa wadogo wamelisikia, ila mwenyewe. Msikimbilie kujibu. Kaeni nacho kwanza, hadithi si ndefu.

Nusra alikuwa amelirudia tangazo lile hata kahawa yake ikapoa. Lilitoka kwenye spika za studio yake ndogo mjini Lamu, pale anaporekodi kasida na nyimbo za harusi.

"Innaa lillaahi wa innaa ilayhi raaji'uun. Tunawatangazia kifo cha…"

Kisha pengo refu, mvumo wa jenereta peke yake. Kisha sauti ikarudi, "Mazishi ni hapa Siyu, baada ya sala. Mwenye kusikia amwambie asiyesikia."

Mwenye sauti alikuwa ameketi nyuma yake, kikapu cha ukili magotini. Ni babake, Bwana Muhdhar, mtangaza vifo wa Siyu. Mtu akifa, yeye ndiye hushika kipaza sauti cha msikiti, na sauti yake haijapata kukwama, hata siku alipomtangaza nduguye wa tumbo moja. Leo amevuka maji asubuhi, amekuja na tangazo alilolirekodi nyumbani, la mtu ambaye hajafa.

"Baba, huku si kumtangulia Mungu?"

"Watu hununua sanda wakaziweka kabatini, mwanangu, na hakuna awaulizaye. Mimi naweka sauti. Siku hiyo sitaweza kusema." Akakohoa, akajipangusa kwa ncha ya kilemba. "Wewe nitolee ukwaruzo huo na mvumo. Nataka iwe kama siku zote."

"Na hapa penye pengo? Jina la nani?"

"Ina hilo liwate," akasema, yaani jina hilo liache.

Nusra akageuka kumtazama. Kanzu inampwaya, nayo yanuka moshi wa kuni. Shingo imebaki mishipa. Amekohoa hivi tangu lini? Akahisi amelijua jina lile, na hakutaka kulisikia.

Hudson, kijana wa bara anayeshirikiana naye studioni, akainama juu ya kompyuta. "Nusra, unatumia ikwalaiza gani? Hiyo ya bure? Wacha hiyo bana, mzee anasikika kama ako ndani ya ndoo."

Kweli. Ikwalaiza ni programu ya kuipunguza sauti besi na kuiongeza ukali, kama mpishi na chumvi, na ile ya bure ilikuwa imeondoa mpaka ladha. Nusra akaifunga. Akafungua nyingine, ile yenye vitufe vya dhahabu anayoitumia kwa nyimbo za maharusi. Sauti ikatoka nene, tamu, inateleza.

"Hiyo yaalika watu biriani," akasema Bwana Muhdhar.

Hudson akacheka, akajikuta anacheka peke yake.

Ilimjia Nusra fikra ya kitoto. Maadamu hajachagua ikwalaiza, tangazo halijakamilika, na lisilokamilika halitangazwi. Basi akawa anafungua na kufunga. Hii kali mno. Hii yaziba pua. Hii labda, hapana, nayo haifai. Babake akangoja, akafunua kikapu, akawapa vitumbua.

Vilikuwa vimeungua chini, na katikati vibichi.

"Leo Mama kafanyaje?"

"Nimepika mimi."

"Bwana Kipaza kaingia jikoni!" Nusra akacheka, akimwiga mamake. Siyu nzima hakuna athubutuye kumwita babake hivyo, ila mamake, Bi Mwanamkisi, tena nyumbani tu, akitaka kumchokoza. Huwa Bwana Muhdhar hununa kidogo, kisha hutabasamu. Leo hakununa wala hakutabasamu.

"Mama yuko wapi?"

"Amelala."

"Saa hizi za mchana?"

Bwana Muhdhar akakifunika kikapu. Nusra akachukua simu, akatoka mlangoni ampigie mamake, amuulize kwa siri kikohozi hiki ni cha nini, na kwa nini amefichwa. Simu ikaita ndani ya kikapu, chini ya vitumbua.

"Yangu imeharibika, nimebeba yake," akasema babake. Hakuitoa. Aliiacha iite mpaka ikanyamaza.

"Jaribu hii basi," Hudson akasema taratibu. "Haina urembo. Inakuonyesha sauti kama mawimbi, unakata pale pabaya tu."

Nusra akarudi kitini. Kwenye kioo cha kompyuta akauona mvumo wa jenereta, umesimama kama nguzo upande wa kushoto. Akaushika, akaushusha hadi chini. Akapunguza ukwaruzo, kidogo tu. Sauti ikatoka wima, kavu, safi, sauti ile ile aliyokuwa akiisikia tangu utotoni juu ya mapaa ya Siyu.

"Hiyo," akasema Bwana Muhdhar. "Hiyo ndiyo mimi."

Nusra akalihifadhi tangazo. Amechagua. Hapana pa kujificha tena.

"Nisikilize yote mara ya mwisho, Baba, kisha nikupe."

"Pengo liruke."

Lakini kazi ya sauti hairukwi. Akaivuta spika karibu, akabonyeza.

"Tunawatangazia kifo cha…"

Pengo likafika. Jenereta haikuwapo tena kulifunika. Kitanda cha kamba kikalia. Mtu akavuta pumzi, kwa tabu. Bwana Muhdhar akainuka ghafla, kikapu kikaanguka, akanyoosha mkono kuizima ile mashine, akachelewa.

"Nitaje, Bwana Kipaza," ikasema sauti dhaifu ya mwanamke. "Wote wa Siyu umewataja, wala wenyewe hawakusikia. Mimi nataka kusikia."