Karibu Ndani

Siku hizi sheria hairuhusu chumba cha hoteli kukaa kitupu: aliyemo hatoki mpaka amkaribishe mwingine wa kushika nafasi yake. Tausi alikwenda Lushoto kupumzika wikiendi moja tu, na sasa alikuwa akitazama dirishani miti ya matunda ikichanua mara ya pili.

Kila asubuhi aliwaandikia wasafiri vidokezo kwa simu, kwa bashasha za uongo. "Jamani, bei ya kutupa! Chai ya tangawizi bure. Njooni na sweta, mfuko wenu utapumua!" Wasomaji walicheka, wakashukuru, wakaenda kwingine.

Leo mlango ukagongwa.

"Hodi!"

"Karibu, karibu ndani!" Tausi alijibu bila hata kuuliza ni nani.

Mlango ukafunguka. Mama yake mzazi akaingia, sweta begani.

"Mama! Shikamoo. Umefuata nini huku?"

"Marahaba, mwanangu. Ulivyokisifia hiki chumba, nikaona nije tukae wote kidogo."

Mlango ulibaki wazi, ukimsubiri mmoja atoke. Tausi alitaka kusema atabaki yeye, lakini mkono wake ulikuwa umeshashika begi.