Pembe ya Mgao

Afisa wa wanyamapori alishapokea upinde, mishale na nyavu. Sasa alinyoosha mkono apewe na pembe.

"Hii haiui," alisema Mzee Lugendo.

"Lakini ni ya wawindaji, babu. Marufuku ni marufuku. Wanyama wanakwisha."

"Hata watu wamekwisha hapa, mwanangu, na hao sikuwawinda mimi."

Ilikuwa mchana kweupe na barabara ilikuwa tupu. Milango mingi ilikuwa imepigiliwa mbao, wenyewe wamehamia kwenye viwanda.

Pembe ile haikupata kupulizwa porini hata siku moja. Ilipulizwa hapa barabarani, mwindaji akisharudi na nyama, na kila nyumba ilitoa bakuli lake: shingo kwa mjane, ini kwa wazee, paja kwa nyumba yenye mama aliyejifungua. Asiyejua hata kushika upinde alikula sawa na mwindaji.

"Niipulize mara moja, kisha uichukue."

Akapuliza. Sauti ilipanda, ikakwaruza, ikapotelea mwisho wa barabara. Lugendo akatega sikio, kama zamani, asikie makomeo yakifunguliwa.

Likafunguliwa moja. Bi Nyamizi, mjane aliyepofuka miaka mingi, alitoka akipapasa ukuta, huku akifuta bakuli kwa upindo wa kanga.

"Lugendo," alisema akitabasamu, "safari hii umekawia."

Kisha akalinyoosha bakuli mbele yake kwa mikono miwili, akangoja.