Chujio Jipya la Pikapu

Mkewe alimkuta tena ameinama mbele ya pikapu, boneti wazi, injini inanguruma, kiganja chake kimelala juu ya chuma kama mtu anayempima mtoto homa. Alikuwa anatabasamu peke yake. Hiyo ilikuwa mara ya tatu wiki ile.

Mke alikuwa mshonaji. Angeweza kuuona mshono uliokwenda upande akiwa mlangoni tu, kabla hajaishika nguo. Na kwa miezi kadhaa sasa, alikuwa anaona kwamba mumewe amekwenda upande.

Mtaa mzima ulimwita mume huyo Redio. Alikuwa dereva wa kubeba mbao na saruji, na tangu wajuane hakuwahi kufunga mdomo: akiendesha anaimba, akila anasimulia, akioga anagombana na watangazaji wa mpira. Siku hizi alikula kimya. Simu yake, ambayo zamani aliiacha popote, sasa haikubanduka mfukoni mwa shati. Haikuwa na mlio, ilitetemeka tu hapo kifuani. Akipigiwa hapokei. Anaitazama, anaandika ujumbe, anairudisha mfukoni. Wateja walikuwa wameanza kumfuata mke dukani kwake kulalamika.

Akiulizwa kitu, alikwepa. Juzi tu, mke akiwa ameinamia karo anaosha vyombo, alimuuliza, "Ulikuwa na nani huko kutwa nzima?"

"Tangu asubuhi," akajibu Redio, akatoka zake nje.

Na wakikaa ana kwa ana, alimkodolea macho mdomoni, kama askari anayesubiri mtu ajichanganye maneno.

Halafu likaja hilo chujio la hewa. Siku lilipofungwa, pikapu ile ya kizee ilianza kuunguruma kama gari la mashindano. Majirani walicheka. Mke hakucheka. Alifunga duka mapema, akaenda gereji.

"Shemeji, mimi nilimkataza," fundi alisema kabla hajaulizwa. Alivuta kasha jeusi la plastiki kutoka chini ya meza, akalifungua. "Chujio lake la zamani hili hapa, lile lililokuja na gari. Halina ubaya wowote. Likichafuka unabadilisha, basi. Hilo alilolileta yeye liko wazi, linavuta hewa ya moto ya humo humo kwenye boneti, na vumbi la mbao linapita. Nguvu haiongezeki, mafuta hayapungui. Kwa pikapu yake, ni pambo."

"Na ulimwambia?"

"Nilimwambia nikachoka. Nikisema, yeye 'Eti?' Nikirudia, yeye 'Eti?' Nikaona huyu ananichezea akili. Nikaacha kazi, nikamkabili uso kwa uso: ndugu yangu, faida ya hiki kitu ni moja tu, kelele."

"Akasemaje?"

"Akanishika bega. 'Hiyo kelele ndiyo naitaka. Funga.'"

"Kelele ya nini, mtu mzima na mvi zake?"

Fundi alikuwa ghafla na kazi nyingi ya kufuta spana iliyokuwa safi tayari. "Labda kuna mtu anataka amsikie akifika. Lakini mimi sijasema kitu, shemeji."

Alirudi nyumbani kwa miguu, na kila hatua jambo lilizidi kukaa sawa kichwani. Aliiona nyumba, mahali fulani kwenye njia ya mbao. Aliona dirisha, na mwanamke anayesikia mngurumo tangu kwenye kona akapata muda wa kujipaka manukato. Alihesabu Alhamisi: kila Alhamisi mchana Redio alitoweka, akarudi amenywea, hataki kusema ametoka wapi. Miaka ishirini na miwili ya ndoa, na yeye ndiye wa mwisho kujua!

Nyumbani hakulia. Alitoa begi juu ya kabati, akakunja magauni manne, akatia mkasi wake mkubwa na futi yake ya kupimia. Cherehani angeifuata baadaye na kaka yake. Akabeba begi, akatoka uani.

Redio alikuwa pale pale mbele ya pikapu, amempa mgongo. Injini ilikuwa imezimwa. Alikuwa anakaza mkanda wa lile chujio kwa bisibisi, taratibu, kama mtu mwenye amani zake.

Mke alisimama hatua tatu nyuma yake.

"Nimetoka kwa fundi," alisema. "Najua yote. Niambie tu jina lake."

Redio alizungusha bisibisi.

"Nakuuliza wewe! Nani huyo mwanamke?"

Redio alipuliza vumbi kwenye mkanda, akakaza tena.

Basi dharau imefika huku, mke aliwaza. Sauti ikampanda yenyewe, ikapasuka. Alimwita msaliti. Alimwita kwa jina lake la ujanani, lile ambalo hakuna mwingine aliyelijua. Alisema anaondoka na harudi, na watoto watajua kwa nini. Jirani wa ghorofani alifungua dirisha. Mgongo ule haukutikisika hata kidogo.

Mke alinyakua karai la chuma lililokuwa ukutani, akalibamiza kwenye sakafu ya saruji kwa nguvu zake zote. Mbwa wa mtaa wakabweka. Njiwa wote waliokuwa juu ya bati wakaruka. Jirani wa ghorofani alijishika kifua.

Redio alifuta bisibisi kwenye suruali, akainua mkono kufunga boneti, na ndipo alipogeuka. Uso wake ukachangamka. Macho yakamshukia mkewe moja kwa moja mdomoni.

"Ah, umerudi?" alisema. "Sikukuona."