Mwili wa Qiuyue

Kwa wiki tatu Qiuyue aliwaalika mafundi wenzake, pale kiwandani Dongguan, China, wajadili hatari za akili unde na kujali maisha ya wengine. Walimcheka. "Dada, kale tambi zako!"

Leo mkono wa roboti inayoongozwa na akili unde ulimbana fundi mmoja ukutani, mbavu zikavunjika kama kuni kavu. Qiuyue akakimbilia swichi.

"Usiguse! Itajirekebisha yenyewe!" msimamizi alifoka, akamtandika ngumi ya mdomo.

Jino likang'oka. Damu ikamjaa kinywani, vuguvugu, yenye ladha ya kutu. Akazima umeme hivyo hivyo. Fundi akaanguka, akikohoa.

Mafundi wenzake wakamvamia msimamizi, spana mikononi, wakamlaza sakafuni. Qiuyue akamrukia, akamfunika kwa mwili wake.

"Huyu naye ni mtu!"

Spana ya kwanza ilikuwa imeshaanza kushuka.