Gari Lililozama Haliachwi Nje

Siku hizi gari lililokumbwa na mafuriko haliruhusiwi kuachwa nje. Lina akili, wanasema, na akili hiyo ikiingiwa na hofu haliponi tena. Ndiyo maana jana alasiri fundi wa kuvuta magari alilikokota la kwetu kutoka bondeni mpaka sebuleni, likichuruzika maji ya vyoo juu ya zulia nililolifua juzi.

"Msiliwashe mpaka likauke kabisa," alisema akifungua mnyororo. "Na msipige kelele karibu yake."

Mume wangu, Shaweji, alikuwa ameshapiga magoti. Alilipangusa taa kwa taulo la mtoto, akilinong'oneza pole. Miaka kumi nimeishi naye, sijawahi kumwona akimuuguza mtu hivyo. Chini ya bampa ilikuwa imenasa pampasi iliyovimba. Akaichomoa kwa mkono mtupu, akaiweka juu ya meza ya chakula, akaendelea kupangusa.

Mama mkwe alikuwa kwenye kochi, nguo zimemganda mwilini, tope mpaka kwenye nywele. Akakohoa. Taa za gari zikawaka na kuzimika.

"Mama, unalishtua," alisema Shaweji bila kugeuka. "Nenda kakae barazani."

"Barazani mvua inaingia, mwanangu."

"Kidogo tu, lipate kupumzika."

Mama akainuka akishikilia ukuta. "Na mimi nilikuwa humo ndani lilipozama."

Shaweji akaweka kidole mdomoni. "Taratibu, mama. Limeanza kusinzia."