Utepe wa Digidigi

Hasira za Bi Sikitu zilianzia kwenye utepe mwekundu. Alikuwa jike la mbwa wa kuwinda, wa ukoo adimu uliosifika kwa mbio, na kila mwaka ukoo huo ulifanya maonyesho ya kumtafuta mbwa bora. Hakimu wao alikuwa Digidigi. "Nani anatujua kuliko yeye?" walisema. "Tumemwinda tangu enzi za mababu."

Digidigi hakuwahi kumvika utepe mbwa mwembamba. "Uzuri ni kitambi," alisema, na wana wa Bi Sikitu, wenye mbio kama mshale, wakawa wanarudi bila utepe. Mama akachoka. Akawapikia uji wa mafuta asubuhi na jioni, mpaka mwaka huu kifungua mimba wake akashinda.

Alipomwona Digidigi akifunga utepe huku anajizuia kucheka, damu ilimchemka. "Mshenzi wewe! Kumbe unatufuga! Mkamateni!"

Mabingwa wote wakatimka. Hatua kumi tu, wakalala chini wakihema. Digidigi hakujisumbua hata kukimbia, aliondoka akitembea.

"Bi Mkubwa, mbona unanifokea mimi?" alisema. "Mimi nilifunga utepe tu. Uji alipika nani?"