Sekunde Tisa za Mama Hadija

Siku hizo hakuna aliyeruhusiwa kuhifadhi sauti nyumbani. Kila sauti ilikaa kwenye mashine za kukodi ng'ambo, na ilifuata sheria ya nchi iliyokuwamo.

Mzee Shekiondo alikuwa na sauti moja tu, ya marehemu mkewe akiimba huku anasonga ugali. Ilikaa Singapore, mpaka kampuni moja iliposema wimbo ule ni mali yake. Singapore waliwapa siku moja waiondoe. Binti yake, Hadija, akaihamishia Malesia, ambako madai yalisikilizwa kwa mwezi mzima, kisha Kambodia, ambako barua za kampuni hazikujibiwa. Wakatulia miaka miwili, na mzee akawa anakula chakula cha mchana akimsikiliza mkewe kwenye simu.

Jumanne moja Hadija alifika amesawijika.

"Baba, Kambodia nao wametia saini mkataba wa hakimiliki. Hakuna nchi iliyobaki."

"Hata moja?"

"Hata moja. Wanaturuhusu kubaki na pale ambapo mama haimbi."

"Basi kata, mwanangu."

Zilibaki sekunde tisa: mwiko ukigonga sufuria, kikohozi, na mama akisema, "Njoo ule, kinapoa." Mzee alizisikiliza mara tatu, na kila mara aliitikia, "Nakuja."

Hadija hakuweza kuvumilia. Akamshika baba yake mkono, akaanza kuuimba wimbo ule polepole. Mzee akamziba mdomo kwa kiganja, akiitazama simu iliyokuwa mezani, taa yake ya kunasa sauti ikiwaka.